Kompyuta ya Kupitishia Gari la Zimamoto

Alhamisi saa mbili asubuhi nilimpelekea dada yangu kompyuta iliyokufa, na njia nzima nilikuwa naomba Mungu asiniulize ilikufa ikifanya nini. Aliniuliza kabla sijaitua mezani.

"Ilikuwa inafanya nini ilipozima?"

"Gemu," nikasema.

"Lile la matofali?"

"Ndiyo, Dada."

"Na kikao saa ngapi?"

"Saa tano."

Akanitazama, akaitazama kompyuta, akavuta bisibisi. "Kaa," akasema. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, magoti yamegongana, kwa sababu kibanda chenyewe ukinyoosha miguu umetoka nje.

Soko zima linamwita dada yangu Saa Nzima. Jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye leseni ukutani. Zamani alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mawakili, wao watatu kwenye chumba kimoja. Kompyuta ya kwanza ilipoingia, wawili walipewa barua za kwaheri, naye akiwa mmoja wao. Mwenzake alilia. Yeye alimfuata fundi aliyekuja kuifunga mpaka kwenye ngazi, akamuuliza mle ndani mna nini. Fundi akacheka. Miezi minane baadaye fundi huyohuyo alikuwa anamlipa amsafishie mashine, na mwaka wa tatu akawa anamletea zile zilizomshinda.

Hilo jina alilipata kwa ugumu wake wa kichwa. Mwaka wa kwanza alimkabidhi mwanachuo mmoja kompyuta iliyowaka vizuri mbele ya macho yao wote wawili. Ilizimika dakika ya arobaini huko nyumbani, ikaondoka na maandishi ya mwaka mzima. Tangu siku hiyo haachii mashine mpaka mwenye nayo aketi pale kwenye kiti saa nzima akifanya kazi yake mwenyewe. Karani aandike barua zake, mpiga picha afungue picha zake, na Dada aketi pembeni akisikiliza feni. Dakika hamsini hazikubali. Watu wamegomba, wamebembeleza, polisi mmoja alitishia, na wote wamekaa saa nzima.

Mimi ni mdogo wake wa tumbo moja. Nashona nguo vibanda sita kutoka kwake, na wananiita Sindano, kwa ajili ya kazi na kwa ajili ya mdomo. Kuambiwa subiri kunaniwasha mwili. Lakini siku ile haikuwa saa moja ya kusubiri iliyonitisha, ila kile ambacho angekiona ndani ya hiyo saa moja.

Mwezi mmoja nyuma mkuu wa zimamoto alilikagua soko letu kwa miguu, akaandika kwamba gari lake haliwezi kutoka langoni likafika ukuta wa nyuma. Soko lisilopitika na gari la zimamoto hufungwa. Tuna vibanda mia moja thelathini na vinane. Kamati ya masoko ya mji ikatupa kikao kimoja tu cha kuonyesha kwamba gari linaweza kupita, na kuchora ramani hakuna ajuaye miongoni mwetu. Mimi najua kupima watu, na najua gemu la matofali, lile ambalo unajenga chochote unachotaka kwa matofali ya mraba. Nilianza kulicheza ili niwe karibu na binti yangu. Yeye alichoka akaacha, mimi nikanogewa.

Tofali moja la gemu ni mita moja. Nikalipima soko lote kwa tepu yangu ya kushonea, kibanda kwa kibanda, na watu wakawa wananicheka kwamba Sindano anataka kulishonea soko suruali. Nikalijenga lote humo ndani, meza, mapaa, mifereji, na watu wakiwa wamesimama wananunua. Kisha nikaongeza gari jekundu linalotembea, la upana uleule wa gari la kweli. Likapita. Linapita vizuri kabisa, mradi uhamishe vibanda kumi na kimoja.

Kumi ni vya viazi na mboga kwenye mstari wa nyuma. Wenyewe wakihamishiwa nje ya ukuta watauza vilevile, kiazi hakidai umeme. Cha kumi na moja ni cha pembeni, pale gari linapokata kona, na nje ya ukuta hakuna hata nguzo moja ya umeme. Kibanda cha pembeni ni cha dada yangu.

Nilijaribu mara tisa kukikwepa. Nilisogeza choo, nikapunguza duka la vyombo, nikakata kibanda changu mwenyewe nusu. Kila mara gari lilikwangua kibanda cha Dada. Mara ya kumi nikakivunja, gari likapita, na mimi nikaizima kompyuta nikatoka nje kupunga hewa.

Kamati ilitaka karatasi yenye sahihi za watakaohama wote kumi na mmoja. Nikazunguka kwa wale kumi. Nilitukanwa matusi ambayo nilidhani yamekufa na babu zetu, nikabembeleza, nikarudi, nikapata sahihi kumi. Kwa Dada sikwenda. Nilipita mlangoni pake mara tatu karatasi ikiwa mfukoni, na mara zote tatu nikaishia kumuuliza kama amekula. Mficha uchi hazai, nalijua hilo. Nikajidanganya kwamba labda kamati haitahesabu.

Na ndiyo sababu niliichagua kompyuta mwenyewe. Ofisi moja iliyokuwa inabadilisha vifaa ilikuwa imetupatia sisi wafanyabiashara kompyuta tatu kuukuu, tuchague ya kuonyeshea gemu. Dada alisema, "Niletee zote tatu, nikuchagulie." Nikamjibu najua. Akanyamaza kama anavyonyamaza akiumia. Ningempelekea, angeniketisha saa nzima, angetaka kuliona gemu linavyokwenda, na angeona pembeni hakuna kitu.

Sasa kompyuta ilikuwa imelala ubavu mezani kwake, na yeye ameinamia ndani.

"Hii kadi ya picha umeitoa wapi?"

"Kwenye ile ya tatu."

"Kwa nini?"

"Ndiyo kubwa, Dada. Ina feni mbili."

"Kubwa," akasema. "Watu wakikuletea kitambaa unawashonea kubwa?"

Alinyooshea bisibisi kisanduku cha umeme kilichokuwa kona ya kasha. "Hiki kilitengenezwa kimlishe karani anayeandika barua. Kadi yako inakula peke yake kuliko kompyuta yote. Gemu likiwa jepesi inavumilia. Ukifika penye mzigo inadai umeme zaidi, kisanduku kinazima kisije kikaungua. Ilizima ulipofika wapi?"

Ilizima pale kwenye kona. "Penye watu wengi," nikasema.

"Na kabla ya kuzima?"

"Ilikuwa inaganda. Inakwenda kidogo, inasimama, inaruka mbele."

"Gemu umelipa RAM kiasi gani?"

"Yote."

Alicheka kwa pua. RAM ni vile vijiti ambavyo kompyuta huwekea kazi iliyo mkononi, nami nilikuwa nimesikia kwamba gemu ukilipa nyingi linakimbia. "Umekaribisha mgeni," Dada akasema, "ukampa nyumba nzima, wenye nyumba mmelala uani. Kompyuta yenyewe ilale wapi? Na huyo mgeni akipewa vyumba vingi anavijaza takataka, halafu anasimama kila mara kufagia. Huko ndiko kuganda kwako."

Saa tatu kasoro. Nikakimbia nyumbani kuleta zile mbili nyingine, nikarudi nimezibeba mabegani, moja huku moja kule, kama magunia, jasho linaingia machoni. Watu wa soko walikuwa wameanza kuvaa vizuri kwa ajili ya kikao. Muuza vyombo aliponiona akaita, "Sindano! Linapita?" Nikamwambia linapita.

Dada alizifungua zote tatu, akazipanga mezani bega kwa bega. Hapo ndipo nilipomwona anavyofanya kazi, na nilijionea haya. Mimi nilikuwa nimeangalia ukubwa na taa. Yeye alianza na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, akifuta vumbi kwa brashi ya rangi, akisoma namba ndogo kwa kioo cha kukuzia.

"Gemu hili kazi yake karibu yote linambebesha mfanyakazi mmoja ndani ya prosesa. Wengine wanaangalia tu. Kwa hiyo usinitafutie prosesa yenye wafanyakazi wengi wavivu. Nitafutie yenye mmoja anayekimbia. Ni ipi?"

"Ya pili?" nikabahatisha.

"Ya pili. Ile uliyoiacha uvunguni kwa sababu ya rangi."

Akachukua kasha la kompyuta ya pili. Kijiti kimoja cha RAM kilichokuwemo kilikuwa kidogo. Akajaribu cha ya kwanza, ile iliyokufa, hakikuingia, tundu lake limekaa pengine kabisa, kizazi tofauti. Akang'oa viwili vya ya tatu, akavigeuza kwenye mwanga, akavibana kwenye nafasi za rangi moja mpaka vikalia. "Pacha wawili wanabeba vizuri kuliko mnene mmoja," akasema. Kadi ya picha akatafuta kwenye droo yake, akatoa nyembamba yenye feni moja inayotosha kiganjani. Nikaguna.

"Unaguna nini? Tunataka kuonyesha matofali, si harusi."

Halafu akatazama diski ya zamani, ile inayozunguka, akatikisa kichwa. "Hii gari likienda mbio, mbele panakuwa hapajajengwa bado. Kamati itaona gari linaingia kwenye shimo jeupe." Akageuka, akafungua kompyuta yake mwenyewe ya kazi, ile yenye orodha za wateja na programu zake zote, akang'oa diski yake mpya isiyozunguka, akaanza kunihamishia soko langu humo.

"Dada, hiyo ni yako."

"Naiona."

Kuhamisha kulichukua dakika ishirini. Nilihesabu kila moja. Kama kuna jehanamu ya mafundi cherehani, ndani yake mna mstari wa kijani unaojaa polepole na dada yako ameketi kando anakunywa maji. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie. Mara ya kwanza aliingia mteja. Mara ya pili hakuingia mtu, niliogopa tu.

Alipowasha, feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Dada akainama nyuma ya kasha, akachomoa waya wa skrini niliouchomeka mimi, akauhamishia kwenye ile kadi nyembamba. Picha ikaja. Hakunisema hata neno moja.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi.

"Dada, leo tufanye nusu saa," nikasema. "Ukumbi uko mbali, na watu—"

"Ukumbi uko dakika tano. Kaa. Fanya kazi yako."

Nikaketi. Nikafungua gemu. Akaligawia RAM mwenyewe, nusu tu ya iliyokuwepo, akavuta kiti akakaa bega kwa bega nami. Soko likatokea, mapaa yake, watu wake. Nikaanza kuzungukazunguka upande wa langoni. Lilikuwa laini ajabu. Nilikuwa nimezoea kuliona likikwamakwama mpaka nilidhani ndivyo lilivyo.

"Endesha gari," Dada akasema.

Nikaliendesha kutoka langoni mpaka kwa wauza viatu, nikalirudisha. Nikaliendesha tena, nikalirudisha. Dakika ishirini nikacheza hapohapo kama mlevi anayetafuta nyumba yake.

"Lilizimia wapi jana?"

"Mbele kidogo."

"Basi nenda mbele kidogo. Kujaribu mashine mahali isipoumia ni kujidanganya."

"Pale hakuna mzigo sana, Dada."

"Wewe mwenyewe umesema penye watu wengi."

Nikalipitisha gari kwa wauza vyombo, nikapita kibanda changu, nikafika kwenye kona. Gari jekundu likageuka taratibu, likapita palepale tulipokuwa tumeketi sisi wawili. Sakafu tupu. Hakuna meza, hakuna ubao wa bei, hakuna kiti cha wateja. Likanyooka mpaka ukuta wa nyuma.

Nilikaza macho kwenye skrini. Nilimsikia anavuta pumzi.

"Limeganda?" akauliza.

"Hapana."

"Rudia."

Nikarudia. Gari likapita pale pale.

"Rudia," akasema tena.

Nikarudia mara ya tatu. Alikuwa amesogeza uso karibu na skrini, na mimi nilikuwa nasubiri kofi, au yowe, au chochote. Akainuka kwenda kusikiliza feni. "Haijapata joto," akasema. "Endelea mpaka saa itimie." Nikaendelea kuzunguka sokoni bila kujua naendesha nini, na sikujua kama ameona au hakuona. Macho yake siku hizi si ya zamani. Nikajishikiza hapo kwenye macho yake, Mungu anisamehe.

Saa tano kasoro dakika kumi alizima, akafunga nyaya kwa kamba, akabeba kasha yeye mwenyewe. Mimi nikabeba skrini.

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Mezani walikaa watu watano, katikati mwenyekiti wa kamati, mwanamke mwenye miwani na sauti ndogo, na pembeni yake mkuu wa zimamoto, mikono ameikunja. Dada aliunganisha kila kitu, akaegemea ukuta nyuma ya mashine, sikio upande wa feni.

Nikaendesha. Langoni, kwa wauza viatu, kwa wauza vyombo. Mkuu wa zimamoto akakunjua mikono. "Simama hapo. Pima." Nikapima, tofali kwa tofali. Akatoa daftari lake, akalinganisha, akatikisa kichwa kukubali. Tukafika kwenye kona, pale ambapo jana yote yalizimika. Gari likageuka bila hata kutikisika. Likaenda mpaka ukutani. Watu wa dirishani wakaanza kunong'ona, kisha mtu mmoja akapiga makofi akanyamazishwa.

"Linapita," mkuu wa zimamoto akasema. "Likiwa hivi, linapita."

Mwenyekiti akanyoosha mkono. "Karatasi ya sahihi."

Nikampa. Akaisoma kwa kidole, mstari mmoja baada ya mwingine. Kidole kilipofika chini kikasimama.

"Vibanda kumi na kimoja. Naona sahihi kumi." Akainua miwani. "Kibanda cha pembeni ni cha nani? Mwenyewe amekubali? Kama hajakubali, siwezi kupitisha, na hatuna kikao kingine."

Watu waliokuwa wanafahamu kibanda cha pembeni ni cha nani walianza kugeuka mmojammoja. Wengine walinitazama mimi. Mdomo ambao soko zima linaulalamikia ulikuwa umejaa pamba.

"Ni changu," Dada akasema kutoka ukutani. Akaja mezani kwa mwendo wake uleule wa kawaida, akamwomba mwenyekiti kalamu, akatia sahihi kwenye mstari wa kumi na moja kwa mwandiko mzuri wa mpiga chapa. "Nimekubali," akasema, akarudi kwenye feni yake.

Kilichofuata kilikuwa vigelegele. Walininyanyua juu. Muuza vyombo alinibusu shavuni, na wale wauza viazi walionitukana wakasema walijua tangu mwanzo kwamba nina akili. Nilicheka nao kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu. Niliposhushwa chini, Dada hakuwepo ukumbini.

Nilimkuta kibandani, amesimama kwenye kiti cha wateja, anang'oa ubao wa kutundikia bisibisi.

"Uliona," nikasema.

"Gari lilipokata kona mara ya kwanza niliona. Mara ya pili nilitaka kuhakikisha." Akanikabidhi ubao bila kunitazama. "Mara ya tatu nilikuwa naaga."

"Kwa nini hukusema, Dada?"

"Saa tano ilikuwa inafika. Ningesema ungelia, na wewe ukilia huwezi kushika mausi."

Nikamwambia ahamie kwangu, tubanane, nina soketi mbili.

"Moja ya cherehani, moja ya pasi," akasema. "Nguo za watu utazipigia pasi kwa pumzi?"

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe." Akashuka kwenye kiti, akapangusa mikono kwenye sketi, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ikatetemeka. "Lakini sikiliza. Ungekuja kuniambia, ningekataa. Ningekufukuza hapa mbele za watu. Kesho yake ningekuita mwenyewe nikatia sahihi, kwa sababu vibanda mia na ishirini na saba si mchezo. Wale wauza viazi uliwaendea mmojammoja, wakakutukana mpaka wakatosheka, ndipo wakakubali. Mimi niliyekubeba mgongoni umeninyima hata hilo."

"Nitukane sasa," nikasema. "Nitukane, Dada, nipo."

"Sasa halina ladha," akasema, akaniomba nimshikie kiti apande tena kuchomoa waya wa umeme.